Mama wa Usingizi na Chupa ya Macho

Saa kumi na dakika tano alasiri, kwa saa ya ukutani ya wodi ya upasuaji, mfanyabiashara wa malori kutoka Makambako alinyoosha mkono juu ya kitanda cha mama yake mzazi, akafungua kwa kidole gumba kigurudumu cha plastiki kilichokuwa kimebana mpira wa dripu. Maji yaliyokuwa yamesimama yakaanza kushuka. Aliyatazama kidogo, akaridhika, akakaa. Alimpenda mama yake kuliko kitu chochote alichokuwa nacho, na alikuwa na vitu vingi.

Mwanamke aliyekuwa amekibana kigurudumu kile alikuwa nyuma ya milango miwili, thieta, amemlaza mzazi aliyeshindwa kujifungua, na hakuweza kumwacha. Ndiye ninayetaka kumwandika. Kilichokuwa hatarini alasiri ile ni pumzi ya kikongwe mmoja, na nyuma ya pumzi hiyo, kazi ya mtu aliyekuwa akiilinda.

Wagonjwa walimwita Mama wa Usingizi, kwa kuwa ndiye aliyewalaza kabla ya kupasuliwa na ndiye sura ya kwanza waliyoiona walipoamka. Kazi yake ya pili, ambayo wengi hawakuijua, ilikuwa kusimamia maji ya mgonjwa: yaingie kiasi gani kabla ya kisu, wakati wa kisu, na siku zinazofuata. Jina lake na ukoo wake sitaviandika. Hakupenda kuulizwa habari hizo, na sioni kama zinasaidia kumwelewa.

Mimi nilikuwa fundi wa hospitali hiyo, hapa Njombe. Boila, jenereta, mabomba na vitanda vilikuwa vyangu. Shuleni niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea, kwanza kwenye vijitabu vya mashine, baadaye kwenye vitabu vya uuguzi alivyoniazima yeye. Ninayoyasema hapa kuhusu mwili wa mtu nimeyapata kwake.

Tulijuana kwa sababu ya baridi. Anayeijua Njombe ya mwezi wa sita na wa saba anajua kwamba maji yaliyolala stoo yanauma meno asubuhi. Chupa za dripu zililala stoo hiyo hiyo. Mama wa Usingizi alikataa kuingiza maji ya namna hiyo kwenye mshipa wa mtu aliyefunuliwa tumbo. Alisema mtu aliyelazwa kwa dawa hawezi kujikunyata wala kuomba blanketi. Ukimjaza ubaridi ataamka akitetemeka mpaka kidonda kivutike. Kwa hiyo kila asubuhi ya upasuaji alikuja kwenye chumba changu cha boila na chupa zake amezifunga kwenye kitenge, kama mtu anayeleta mayai sokoni. Alinisalimu, "Kamwene, Fundi," kisha akazipanga mwenyewe juu ya bomba la kurudishia maji, ambalo halina moto mkali. Sikuruhusiwa kuzigusa.

Siku moja niliazima kipimajoto cha maabara nikampimia bomba lile urefu wake wote, nikamwonyesha ni sehemu gani inafaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashukuru. Kisha akaendelea kuweka kila chupa kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko chake, kama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto. Nilimuuliza kama hakiamini kipimajoto. Akasema anakiamini sana, ila hakijawahi kuzaa.

Alivaa sweta la kijani alilolifuma mwenyewe, juu ya gauni jeupe, na raba za wanaume. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Wauguzi wengine humuuliza mgonjwa ameamkaje, yeye aliuliza, "Umekojoa?" Aliwauliza wazee mbele ya wajukuu, na wakwe mbele ya wakwe zao. Mchungaji mmoja mstaafu, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri, alimjibu kwa upole kwamba mambo hayo ni kati yake na Mungu. "Basi, Baba Mchungaji," alisema, "nakuomba umuulize Mungu ni kiasi gani, maana nahitaji kujua kabla ya saa sita." Wodi nzima ilicheka. Mchungaji naye alicheka, akashika kidonda chake, akaomba kopo.

Kwake mkojo ulikuwa kipimo kisichopenda kudanganya. Mapigo ya moyo huenda mbio kwa hofu, kwa maumivu, kwa homa. Lakini figo zikipata maji ya kutosha zinafanya kazi yake, na zikiyakosa zinagoma. Nilimweleza kwamba boila nayo ina kioo pembeni kinachoonyesha maji yalipofika. Yakishuka chini ya alama, chuma kinaungua. Yakipanda juu ya alama, yanaingia kwenye mabomba ya mvuke na kuvunja vitu mbali kabisa na boila yenyewe. Akasema kumbe tunafanya kazi moja, isipokuwa mimi nikikosea ninaandikiwa barua.

Kanuni yake aliisema kwa maneno machache: kabla ya kisu namwagilia, baada ya kisu nahesabu. Nilimwona akimwagilia. Walikuja wapasua mbao wawili wamembeba mwenzao kwenye machela ya miti, kutoka misitu ya upande wa Ludewa. Utumbo wake ulikuwa umetoboka, na alikuwa ametapika njiani kwa siku mbili. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani. Daktari alitaka kuanza mara moja. Mama wa Usingizi alisema mtu huyu akilazwa sasa hataamka, yeye apewe kwanza muda wa kumnywesha. Daktari, ambaye alikuwa mtu mzuri na mwenye akili, alivua glavu akasubiri. Mama aliweka dripu mikono yote miwili, akazifungua mpaka mwisho, akasimama katikati akiziminya chupa kwa viganja vyake kama anayekamua. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nikirekebisha taa. Yule bwana alipokojoa, Mama wa Usingizi aliinua chupa ya mkojo akaitazama kwenye mwanga wa taa yangu, akacheka kwa sauti. "Huyu amerudi," alisema. "Sasa mpasueni." Katika miaka yote sikumsikia tena akicheka hivyo.

Kesho yake nilimkuta kwa mgonjwa yule yule akiwa ameifunga dripu karibu yote. Nilishangaa. Alinieleza kwamba mwili uliokatwa huyashikilia maji, hauachii kirahisi. Ukiendelea kumwaga kama jana, hayana pa kwenda, yanatafuta mahali. Kwanza yanakaa miguuni, na ndiyo sababu kila asubuhi alibonyeza muundi wa kila mgonjwa kwa kidole gumba kuona kama pana shimo linabaki. Halafu yanaingia mapafuni, na ndiyo sababu aliweka sikio mgongoni, chini kabisa, akafumba macho.

"Mtu anaweza kufa maji akiwa kitandani, Fundi," aliniambia, "na ndugu zake wamekaa pembeni wanaona chupa inashuka vizuri, wanashukuru."

Alisema alishamwona mmoja, alipokuwa muuguzi mchanga, mahali pengine. Sikuuliza zaidi, kwa sababu alikuwa ameanza kukunja kitenge chake, na kwake hiyo ilikuwa namna ya kufunga mazungumzo.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Wagonjwa wa upasuaji aliwakataza chai mpaka tumbo litoe sauti, na yeye mwenyewe alikunywa chai mbele yao, kikombe baada ya kikombe, akiipuliza. Alikuwa mkali wa ukweli kupita kiasi. Kwenye mnada wa mavuno kanisani alinunua jogoo, na Jumapili iliyofuata akamrudisha kwa sababu alisikia kwamba mtu aliyekuwa akishindana naye kupandisha bei aliondoka mnada haujaisha, akaona amempata kwa bei isiyo ya haki. Mhudumu mwenzetu aliiba sabuni, naye akamwambia hivyo mbele yetu sote, bila kupunguza sauti, akamwachia aibu iliyomfanya aombe uhamisho. Watu walimheshimu, lakini wachache walikaa naye meza moja. Na mtu huyu, asiyemvumilia mwizi wa sabuni, aliwadanganya ndugu wa wagonjwa karibu kila siku. Nieleze ilivyokuwa.

Zamani maji ya dripu yalitoka stoo ya hospitali, yakiwepo. Yasipokuwepo, hapakuwa na wa kuulizwa. Ndipo ikaja miaka ya ruksa, biashara za watu binafsi zikaruhusiwa. Maduka ya dawa yalifunguliwa Makambako kando ya barabara kuu, kisha na hapa mjini, na ndugu wakaanza kuandikiwa vitu vya kununua: glavu, nyuzi, dripu. Sisemi kwamba ilikuwa vibaya. Kabla ya hapo niliwaona watu wakifa kwa kukosa chupa moja. Lakini maji yaliyonunuliwa yana mwenyewe. Katoni zilipangwa chini ya vitanda kama kreti za soda, na ndugu wakaanza kuzihesabu. Chupa ikifungwa katikati, waliuliza nusu nyingine itakwenda wapi. Mama mmoja wa Lupembe aliomba yaliyobaki amiminiwe kwenye chupa ya chai arudi nayo nyumbani, kwa kuwa viazi vilivyouzwa kununua maji yale alivipanda yeye. Na mgonjwa asiye na chupa juu yake, hata kama ameanza kula, ndugu zake walimwona ametelekezwa. Walikwenda kumshtaki muuguzi kwa mganga mkuu.

Mwanzoni Mama wa Usingizi alieleza. Aliwakalisha ndugu kwenye benchi la nje akawaeleza habari za figo na mapafu, kwa Kibena na kwa Kiswahili. Waliitikia kwa vichwa, wakashukuru, na jioni wakamwendea muuguzi wa zamu wakamwomba atundike nyingine. Wauguzi wengine walitundika. Ndipo akabuni kile alichokiita chupa ya macho.

Ilikuwa chupa ya kawaida, imejaa, imetundikwa kwenye stendi, na mpira wake umeunganishwa mkononi mwa mgonjwa kama kawaida. Ila kigurudumu kilikuwa kimebanwa mpaka mwisho. Ndugu walikuja saa ya kuona wagonjwa, wakaiona, wakatulia. Walipoondoka aliishusha, kesho akaitundika ile ile. Maji hayakuingia, na katoni haikuisha. Mgonjwa alipotoka walirudishiwa chupa zao kamili, wakaamini hospitali ina ziada. Daktari alijua, akanyamaza, kwa kuwa wodi ilikuwa imetulia.

Nilimwambia sikuipenda. Kwa fundi, vali iliyofungwa ambayo yeyote anaweza kuifungua haijafungwa. Mimi nikifunga vali ya mvuke kwa ajili ya kazi, naondoa mpini natia mfukoni. Alisema wodi siyo boila. Hata hivyo kesho yake alianza kufunga kipande cha uzi wa sufu ya kijani kwenye kila kigurudumu kisichotakiwa kuguswa. Wauguzi wote walielezwa: uzi wa kijani, usifungue. Nikasema, je, na ndugu? Akasema ndugu hawagusi, wanaangalia tu. Nilimuuliza pia, siku nyingine, anajisikiaje kuwadanganya. Alijibu kwamba wanahitaji kulala, na kulaza watu ndiyo kazi aliyosomea.

Sasa nirudi kwa mfanyabiashara wa malori. Siku mbili kabla ya alasiri ile alimleta mama yake kwa pikapu, tumbo limevimba kama ngoma. Utumbo ulikuwa umejisokota. Mama wa Usingizi alimmwagilia kwanza, kama alivyofanya kwa mpasua mbao, ila kwa tahadhari, kwa sababu alisema moyo wa bibi huyu umechoka, haupigi, unakokota. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya pili Bibi alikuwa anazungumza, na mkojo ulikuwa unatoka. Wodi ilimpenda. Alimtania kila aliyepita, na kuliko wote alimtania mwanawe, aliyekaa kwenye kigoda pembeni na kanzu yake safi, akiikagua dripu kila baada ya muda mfupi.

Alikuwa amenunua chupa kumi na mbili Makambako, na nne tu zilikuwa zimetumika. Alimuuliza Mama wa Usingizi, kwa heshima, nane zilizobaki zinafanya nini chini ya kitanda wakati mama yake analalamika kiu. Alijibiwa kwamba kiu ni ya mdomo, siyo ya mwili, na Bibi akapewa kijiko cha maji ya kusukutua.

"Huyu amezoea kunywesha magari," Bibi alisema. "Baba we, mimi sina tangi."

Wote walicheka, na yeye pia. Lakini aliendelea kuzitazama zile nane. Mchana ule, baada ya kumwona ameuliza mara ya tatu, Mama wa Usingizi alimtundikia Bibi chupa ya macho, akafunga uzi wake wa kijani. Muda mfupi baadaye aliitwa thieta kwa yule mzazi.

Nilikuwa kwenye veranda ya wodi, juu ya ngazi, nikibadilisha bawaba za dirisha. Mfanyabiashara alitoka kunyoosha miguu, akasimama karibu nami. Tulikuwa tumeshazungumza asubuhi habari za pampu za dizeli, na alinichukulia kama mtu wa kazi moja naye.

"Fundi, hata dripu zenu zinashika upepo," alisema. "Ilikuwa imesimama kabisa. Nimeupigapiga mpira kama ninavyotoa upepo kwenye dizeli, haikwenda. Kumbe pale kwenye kigurudumu kuna nyuzi zimejisokota. Nimezitoa, nimefungua mwenyewe. Inashuka safi, na ya pili nimeshamwekea, iko karibu kuisha."

Aliyasema kwa furaha ya mtu aliyepata tatizo akalimaliza bila kumsumbua yeyote. Nilishuka kwenye ngazi, nikaingia wodini, nikafanya kitu ambacho fundi hufanya kwanza, nikafunga. Chupa ya pili ilikuwa imebaki maji ya chini tu. Bibi alikuwa ameinuka kwa viwiko, anakohoa kikohozi kidogo kidogo, kama mtu aliyepaliwa anayeona haya. Muuguzi alikuwa mmoja kwa vitanda vyote, na alikuwa mwisho kabisa wa wodi. Nilimpungia aje, nikakimbilia thieta.

Mlango wa thieta una kioo cha duara. Niligonga, Mama wa Usingizi akageuza macho bila kuondoa mkono kwenye taya la yule mzazi. Nilimwambia kwa ufupi. Hakuuliza nani. Aliuliza, "Ngapi?" Nikasema mbili. Alimtazama mwanamke aliyelala chini ya mikono yake, ambaye pumzi yake ilikuwa pale kwenye vidole vyake. Akaitazama mikono ya daktari, iliyokuwa bado haijamfikia mtoto. Kisha akasema bila kupandisha sauti kwamba Bibi akalishwe, miguu ining'inie, awekewe oksijeni, apigwe sindano ya kukojoza, na kwamba atakuja mtoto akishatoka na mama akishapumua mwenyewe.

Tulimkalisha. Nilileta mtungi wa oksijeni. Muuguzi alifungua kabati la dawa, akatafuta, akatafuta tena, akaniangalia. Chini ya kitanda kulikuwa na katoni ya maji. Kabatini hakukuwa na kichupa hata kimoja cha dawa ya kuyatoa. Ilibidi inunuliwe. Mfanyabiashara alimtuma dereva wake mjini kwa pikapu, naye akabaki amemshika mama yake mgongo, akimwambia apumue taratibu. Kikohozi kilikuwa na povu sasa, povu lenye wekundu mwepesi. Bibi hakutania tena. Alikuwa ameshika nguzo ya kitanda, anatafuta hewa juu, kama mtu aliyesimama mtoni maji yamemfika kidevuni.

Dereva alirudi na sindano, ikapigwa. Mama wa Usingizi aliingia kabla haijaanza kufanya kazi, aproni yake bado imelowa. Nyuma yake tulisikia mtoto wa thieta analia. Aliweka sikio mgongoni kwa Bibi, chini, akapanda juu, akapanda tena, na alipofika mabegani alifumbua macho. Mfanyabiashara alielewa sura ile. Aliinama akamtamkisha mama yake shahada, polepole, neno kwa neno, na Bibi alifariki jua likiwa bado linaonekana kwenye miti ya miwati.

Kilichofuata ni kikao. Mfanyabiashara alilalamika kwamba dripu ya mama yake iliachwa imesimama mchana kutwa, na kwamba maji yalimfikia akiwa ameshachelewa. Niliitwa kwa kuwa ndiye niliyefunga. Mbele ya wajumbe alisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba asingeifungua yeye ingesimama mpaka usiku. Wajumbe walitazamana. Daktari alifungua mdomo. Mama wa Usingizi akamwahi.

"Dripu ilikuwa yangu," alisema. "Niliitundika imefungwa, nikaondoka. Makosa ni yangu."

Daktari alijaribu tena baadaye, mfanyabiashara alipokwishatolewa nje. Alisema ukweli uandikwe jinsi ulivyo, nani alifanya nini. Mama alikataa. Alisema ukiandikwa utasomwa kwa mlalamikaji, na kwamba bila uongo wake yule bwana asingegusa chochote, angeuliza tu. Kwa wengine jambo hilo lilikuwa jepesi, likaisha. Ajira yake ilisitishwa na haki zake zikazuiwa.

Nilimfuata alipokuwa akikusanya vitu vyake nikamuuliza kwa nini. Alikuwa anakunja lile sweta.

"Amezika mama," alisema. "Ukimwambia mkono uliomuua ni wake, huyo utamlaza kwa dawa gani?"

Aliniomba nisiliseme jambo hilo popote. Sikulisema.

Baada ya hapo sikumwona kwa miaka kadhaa. Mtu mwingine aliletwa badala yake, kijana mzuri, ila hakuja boila na chupa. Nilisikia kwamba amehamia Makambako, na siku moja nilipokwenda huko kufuata mabomba yaliyoletwa kwa treni, nilimkuta. Alikuwa na banda la chai kwenye maegesho ya malori, anawauzia madereva chai, chapati na viazi vya kukaanga. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, raba za wanaume ni zile zile au ndugu zake. Alinisalimu kwa Kibena, akanimiminia chai bila kuuliza kama nataka. Tulizungumza habari za boila. Aliniuliza kama bomba la kurudishia bado linavuja kwenye kiungo cha tatu. Nikasema linavuja.

Tukiwa hapo gari dogo jeupe lilisimama, akashuka mfanyabiashara wa malori. Ndevu zake zilikuwa zimeingia mvi. Nadhani alimfuata dereva wake mmoja. Alipomwona Mama wa Usingizi alisimama, akasita, kisha akaja moja kwa moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Hakukaa. Alisema siku nyingi amekuwa akipita hapo akijua ni yeye, akishindwa kushuka. Alisema alikuwa na kinyongo, alikibeba, kikamchosha, akakitua. "Nilishakusamehe, mama. Nilitaka ulisikie kwangu mwenyewe." Mama wa Usingizi alimshukuru, akafuta meza iliyokuwa safi.

Ilielekea angeondoka. Lakini alikuwa mtu mwenye jambo moyoni, akaendelea. Binti yake wa mwisho alikuwa na uvimbe tumboni. Alikuwa ampeleke hospitali ya Ikonda kesho yake alfajiri, akafanyiwe upasuaji. Alionyesha kwa kidevu kiti cha nyuma cha gari, na tuliiona katoni ya dripu, haijafunguliwa. Akasema amejifunza. Hatabanduka kitandani hata kwa sala. Atasalia hapo hapo. "Kwa mama nilichelewa. Safari hii ikisimama tu, naifungua."

Mama wa Usingizi aliweka birika chini. Kwa muda alitazama ile katoni, halafu akanitazama mimi, na nikajua kwamba miaka yote aliyonyamaza imefika mwisho.

"Fundi, msogezee baba kiti," alisema. Kisha kwake: "Kaa, baba."

Alikaa. Lori moja lilikuwa limewashwa karibu nasi. Mama alisubiri mpaka likaondoka. Hakuzunguka. Alimweleza jinsi moyo wa Bibi ulivyokuwa, jinsi mwili uliopasuliwa unavyoshikilia maji, na kwa nini chupa ile ilitundikwa imefungwa. Alizungumza kwa utaratibu, kama alivyowaeleza ndugu kwenye benchi la nje zamani, na safari hii aliyemsikiliza hakuitikia kwa kichwa.

"Mama yako hakufa kwa kukosa maji," alimaliza. "Alikufa maji. Mimi niliifunga kwa makusudi nikakuficha, na wewe ulifungua kwa sababu nilikuficha. Kwa binti yako usiguse kitu. Hata ikisimama mchana kutwa, uliza. Wakikujibu vibaya, uliza tena. Lakini mkono wako usipande pale juu."

Madereva wawili walikuja wakaagiza chai, wakamtambua mfanyabiashara, wakaenda meza ya mbali. Hatimaye mfanyabiashara alimuuliza Mama wa Usingizi kama siku ile ile alijua. Mama akasema siku ile ile. Akaniuliza mimi, nikasema nilijua. Akauliza wale wa kikao. Mama akasema nao walijua.

"Na wewe wakakufukuza."

"Walinisimamisha, ndiyo."

"Walikunyima nini?"

Alisema alinyimwa kiinua mgongo, na kwamba ni mambo yaliyopita, awahi tu safari yake ya kesho. Mfanyabiashara hakuinuka. Aliuliza kilikuwa shilingi ngapi. Mama wa Usingizi alichukua birika, akammiminia chai, akamsogezea sukari. Yule bwana aliuliza mara ya pili, kwa sauti ile ile.

"Laki saba na elfu arobaini," Mama alisema.